Nimechoka na kazi, nataka kwenda kukaa ziwani Kigoma miezi sita. Nishaurini

Bi Marejesho

Wakuu salaam. Naandika kutoka Tabora mjini. Mimi ni afisa mikopo kwenye taasisi ndogo, ile mikopo ya vikundi ambayo mtaani mnaiita kausha damu. Jina nimelizoea, watoto wa mtaa wa Ng'ambo wakiona pikipiki yangu wanaliimba kabisa. Niko kazini tangu 2016.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe iko hivi. Kila kikundi kina siku yake na mti wake. Jumatatu mwembe wa Isevya, Jumanne mwembe wa Ipuli, hivyo hivyo mpaka Ijumaa. Akina mama wanakaa kwenye mkeka, katibu anafungua daftari, anayekosa rejesho wenzake wanamchangia au hatuondoki. Na hatuondoki maana yake hatuondoki. Nimeshakaa mpaka adhana ya magharibi nikimsubiri mama mmoja auze mkaa wake. Jumamosi ni kuwafuata waliochelewa majumbani. Jumapili meneja anabandika majina yetu kwenye grupu la WhatsApp, na asilimia ya mikopo iliyolala mbele ya kila jina. Aliye mkiani anawekewa kikatuni cha kobe.

Sasa hivi simu ikiita tumbo linakaza, hata akipiga mama yangu mzazi. Nalala saa nne, saa nane usiku niko macho nahesabu majina. Lakini hayo ningeyavumilia. Kinachonitisha ni kingine. Zamani mteja akiniambia mtoto kalazwa nilikuwa naumia naye. Siku hizi anaongea, na mimi ndani yangu nasema: huyu wa leo kachagua uongo wa mtoto. Mwezi uliopita mmoja alisema hivyo, nikabeba cherehani yake, na mtoto kweli alikuwa wodini. Nilirudi nyumbani nikala vizuri tu, nikaoga, nikalala. Asubuhi ndiyo nikajiogopa.

Msiniambie nikakae chini ya mti nipumue. Kazi yangu yote iko chini ya mti. Mji huu una miembe kila barabara, wageni wanaisifia, mimi nikiona kivuli cha mwembe naona kikao.

Mama yangu ni wa Mwamgongo. Unapanda boti Kibirizi, unaipita hifadhi ya Gombe yote, ndipo unafika. Nikiwa shule ya msingi likizo zangu zote nilikuwa huko kwa mjomba, mvuvi. Oktoba 2025, alipofariki Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, televisheni ya ofisini ilionyesha ile milima. Wenzangu wanamwangalia mama wa watu na sokwe wake, mimi naangalia maji. Huyo mama alifika pale Julai 1960 ana miaka 26, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kimya na kutazama. Nikasema hiyo kazi na mimi ningeiweza.

Basi nimepanga niende miezi sita. Akiba ipo kidogo. Nina mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara (ndiyo, afisa mikopo ana mkopo, chekeni). Mume wangu ni dereva wa roli, anasema mwezi mmoja unatosha, huo mwingine ni starehe. Mtoto yuko darasa la nne, mwaka wa mtihani, atabaki kwa bibi yake mzaa baba hapa hapa Tabora.

Naomba kujua: niombe likizo bila malipo au niache kabisa? Huko kijijini nitakaaje bila kuwa mgonjwa wa ukoo wala benki ya ukoo? Na je, kuna mtu amewahi kufanya hivi na akarudi mzima, au haya ni mawazo ya mtu asiyelala?

Boda wa Cheyo

Wenzako tuna digrii tunapakia abiria, wewe una mshahara unataka kwenda kuhesabu mawimbi. Niachie hiyo nafasi.

Bi Marejesho

Nafasi ipo kaka yangu. Anza na kikundi cha Jumanne, halafu urudi hapa.

Mzee wa Utumishi

Mwanangu, kabla ya ziwa, karatasi. Nimekaa ofisi za utumishi hadi nastaafu, na wengi niliowaona wanaumia hawakuumizwa na kupumzika, waliumizwa na jinsi walivyoondoka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 31, inakupa siku 28 za likizo yenye malipo kila mzunguko wa miezi 12. Nenda kaulize una likizo ngapi zimelala. Ninyi wa mikopo nawajua, hamwendi likizo kwa kuogopa kwamba atakayeshika vikundi vyako atagundua madudu. Kifungu cha 32 ni cha ugonjwa: siku 126 ndani ya miezi 36, za kwanza 63 mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Hizo zinataka cheti cha daktari, kwa hiyo huwezi kusema tu nimechoka.

Likizo bila malipo kwenye kampuni binafsi ni makubaliano yenu. Meneja akikubali kwa mdomo, hujakubaliwa. Iandikwe tarehe ya kurudi, iandikwe kwamba unarudi kwenye cheo chako, na iandikwe nani analipia bima ya afya muda huo. Michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, itasimama, ujue. Ukiamua kuacha, notisi kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Halafu usijidanganye na lile fao la kukosa ajira. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halimhusu.

Benki nenda wewe kabla hawajakufuata. Mshahara ukisimama, makato yanasimama, na deni halisimami. Hilo sihitaji kukufundisha wewe.

Mpwa wa Sunuka

Dada, mimi nilifanya. Nilikuwa mhasibu wa mradi, mkubwa kidogo, wa kukaguliwa kila robo mwaka. Nikafika mahali naangalia jedwali la hesabu saa nzima na siwezi kusema nimeona nini. Nikaenda kwa mjomba Sunuka, kusini huko, ukishavuka mto Malagarasi.

Swali lako la pili ndilo la maana kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kijijini mtu mzima anayepumzika mchana ni mgonjwa, mzee au mzazi. Hakuna kundi la nne. Mimi nilifika nikasema nimekuja kupumzika, akili imechoka. Wiki haijaisha kijiji kizima kinajua nimerogwa kazini na mtu aliyetaka kiti changu. Bibi akaanza kunipikia mizizi. Wachungaji wawili wa madhehebu mawili wakaja siku moja, wakapishana mlangoni. Mimi nakaa jiweni nataka kuangalia maji, kila anayepita anasimama, "pole mwanangu", ananiangalia kwa huruma, anakaa. Siku inaisha nimepokea pole nyingi kuliko msiba, na kichwa kimechoka kuliko nilivyokuja.

Mjomba ndiye aliyeliona. Hakuniita pembeni wala hakunishauri. Alinitupia wavu uliochanika, akasema shona. Sijui kushona wavu, nikamwambia. Akasema hata mimi nilikuwa sijui.

Tangu siku hiyo pole ziliisha. Nikawa "yule wa mjini anayejifunza kazi kwa mjomba wake". Watu wakaanza kunicheka badala ya kunihurumia, na kuchekwa ni afya, dada, usiombe huruma. Kumbe nilichokuwa nahitaji si kukosa kazi. Nilihitaji kazi ambayo ikiisha imeisha. Wavu ukishonwa hauna ripoti ya robo mwaka.

Kuhusu ziwa lenyewe: kule saa inaendeshwa na mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mitumbwi miwili imefungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa chini ya mwanga, dagaa wanapanda kufuata taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo kila mwezi mpevu wavuvi wanakaa nchi kavu siku kadhaa, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanagombana na wake zao. Hakuna anayemwita mvivu. Ni mapumziko yenye sababu ambayo kila mtu anaiona angani. Mimi niliyekuwa naomba ruhusa ya siku moja kwa barua, hili lilinikaa sana.

Na serikali nayo ikalifunga ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Watu walilia njaa, sitaki kuremba. Lakini chunguza kalenda kabla hujaenda, usije ukaangukia miezi hiyo. Ukifika wakati ziwa limefungwa utakuta kijiji kina msongo kuliko ofisi yako, na wewe mwenye akiba ndiye utakuwa ziwa.

Hapo ndipo penye benki ya ukoo. Siku ya kwanza, kabla ya chai, mpe mke wa mjomba pesa ya chakula ya mwezi mzima mbele ya mjomba, na sukari na sabuni za kutosha. Baada ya hapo anayekuja na shida yake mwelekeze kwa mke wa mjomba. Yeye anajua nani anasema kweli, wewe hujui. Na simu yako ya kazi iache Tabora. Si kuizima. Iache, kwenye kabati, ufunguo apewe mume wako. Mtandao utaupata ukipanda mlimani, na utakuta unapanda mlima saa kumi na moja alfajiri kwenda kuangalia grupu la watu uliowakimbia. Nimeona.

Mabaya pia nikwambie. Nilirudi nikakuta dawati lile lile na bosi yule yule, na baada ya muda mfupi uchovu ule ule ukaanza tena. Ziwa lilinirudishia usingizi, halikunibadilishia ofisi. Siku hizi nashika vitabu vya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku, huku Urambo, kwa mkataba wa msimu. Pesa imepungua sana, na mke wangu hajasahau kuitaja.

Mrina wa Sikonge

Mpwa umesema vizuri, ila mnamtuma dada mbali bure. Wewe uko Tabora, msitu wa miombo umekuzunguka, unakwenda kutafuta maji! Mimi ni mtu wa nyuki tangu kwa babu. Njoo mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ya mvua, miti inatoa majani mapya mekundu wakati ardhi bado imekauka kabisa. Ukiona mara moja hutaniuliza swali.

Na nyuki hawana mchezo na mtu mwenye haraka. Ukienda na manukato, ukienda na nguo nyeusi, ukirusha mikono, wanakujua. Tunarina jioni kuingia usiku, taratibu, moshi kidogo, unasikiliza mzinga. Mtu akikaa kambini na sisi anakula ugali, anakula matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) kwa asali, hakuna anayemuuliza cheo. Tena Chuo cha Nyuki kiko hapo hapo Tabora mjini, ukitaka kuijua kazi kisomi ulizia.

Tahadhari ni mbung'o. Wanafuata rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo hiyo sare yako ya ofisi, kama ni bluu, ichome moto.

Bi Marejesho

Sare ni bluu, kaka, umenichekesha mpaka machozi. Asali naipenda, lakini Sikonge nina wateja. Nitakaa kambini, atatokea mtu msituni na mzinga begani, aniambie "dada, rejesho langu nalileta Alhamisi".

Tabibu

Dada, wote wanakuambia uende wapi, mimi nakuambia upite kwangu kwanza, au kwa tabibu yeyote. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, limeuweka huu uchovu wa kazi kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Wanautambua kwa mambo matatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi au kuwa baridi kwa watu unaowahudumia, na kuona hufanyi tena la maana. Hilo la cherehani uliloeleza ni la pili wazi kabisa.

Ila kuamka saa nane usiku kila siku kunaweza pia kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa, ina tiba, haiponi kwa kubadilisha mandhari tu. Upungufu wa damu na tezi ya shingo navyo vinachosha hivyo hivyo. Pima. Na ukikuta unawaza kwamba bora usingeamka kabisa, usisubiri boti, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ziwani tumia chandarua. Usioge popote penye watu wengi na majani ya maji, kichocho kipo, na mamba waulize wenyeji wako wapi mwaka huu.

Mama Chanja

Mwakeye. Mimi naanika dagaa Katonga, hapa Kigoma mjini. Nimesoma yote kimya, nikasema na mimi niseme.

Mnavyoliongelea ziwa kama vile limewekwa hapo kutuliza watu wa ofisini. Mimi ziwa ndiyo ofisi. Naamka saa kumi usiku nikagombee karai kwa wenye mitumbwi, bei inapanda tukiwa tumesimama majini. Jua likikosekana dagaa wananuka, mtaji umekwenda. Na mtaji wenyewe, dada yangu, ni wa kausha damu. Nina afisa wangu hapa, binti mdogo, anakuja na pikipiki kila Jumatano. Sikuwahi kuwaza kama na yeye usiku hapati usingizi. Sasa nimejua, na sijui kama nimefurahi au la.

Nani atanipa mimi likizo? Mbalamwezi, sawa, amesema kweli yule wa Sunuka. Lakini mbalamwezi wanapumzika wavuvi, rejesho halipumziki. Ukirudi kazini hilo uwaambie wakubwa zako. Mkopo wa mtu wa dagaa ungefuata mwezi wa angani usingelala hata mmoja. Hamjawahi kutuuliza.

Lakini sikufukuzi. Jane Goodall mwenyewe asingekaa bila wenyeji kumpikia na kumwonyesha njia, na hawakumtangaza televisheni. Njoo. Ila kwenu Mwamgongo usiseme kazi yako. Sema unafanya ofisini, basi. Ukisema mikopo, nusu ya kijiji itajificha na nusu itakuja kuomba.

Bi Marejesho

Nimesoma haya nikiwa stoo ya ofisi, mlango nimefunga. Dada yangu wa Katonga, hilo la marejesho kufuata mwezi nimeliandika kwenye daftari la kazi, na ni mara ya kwanza mwaka huu naandika kitu huko bila kulazimishwa.

Mzee wa Utumishi, nimekwenda kuuliza. Likizo zangu zimelala, si moja. Nimeziomba kwa barua, nakala ninayo yenye mhuri, na nimeandika kwamba nitaomba nyongeza bila malipo kabla hazijaisha. Meneja amesema tuongee, nimemwambia tuandikiane. Benki naenda Ijumaa. Tabibu amenipima: damu iko chini, nimepewa vidonge, na nimepangiwa kurudi tuzungumze kuhusu usingizi. Miezi sita nimeiacha kwanza. Mume wangu anadhani ameshinda.

Mjomba nimempigia. Nilimwambia nataka kuja kujifunza kazi. Akacheka sana, akasema mimi ni mwanamke, wavu sitagusa, ila wake zake wawili wanaanika. Kwa hiyo Mama Chanja, niambie ukweli, huko mtu mgeni analipwa kwa siku au kwa kipimo?

Mama Chanja

Kwa kipimo, sado kwa sado. Na huanzi na pesa, unaanza na kufukuza kunguru. Wakikuzoea wenye chanja za kuanikia ndiyo utapewa kugeuza dagaa. Kanga njoo nazo za zamani, harufu haitoki.

Boda wa Cheyo

Kile kikundi cha Jumanne kinakaa saa ngapi?